Stats ya Form Four: Dakika 150 Nilizofuta Ubaoni

Wakuu, niaje. Hii si hekaya, kwa hivyo wale wamekuja kucheka leo wapite tu.

Juzi mzazi mmoja aliuliza humu ndani: binti yake yuko Form Four, wanaanza statistics, atarajie nini? Watu wakamjibu poa. Mmoja akasema hizo ni marks za bure. Mwingine akamwambia anunue graph book mbili.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilianza kumjibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mara ya tatu nikaona wacha nifungue uzi yangu, kwa sababu jibu langu si la mistari miwili, na limenikalia kifuani tangu second term.

Shule sitataja. Jueni tu ni day school pande za Uthiru, na mimi ni mwalimu wa BOM, yaani nimeandikwa na bodi ya shule, si serikali. Jina la msichana nimebadilisha. Mengine yote ni vile yalikuwa, hata yale yananiaibisha.

Tuanze na swali la mzazi, msiseme nimelikwepa.

Mtoto wako atarajie table. Table mob. Frequency, cumulative frequency, mid-point, zidisha hii na hii, andika jumla chini. Atachora histogram. Atachora ogive, ile curve inapanda ikifika juu inatulia. Ataambiwa asome median kwa graph, na penseli ikiwa butu atapoteza marks mbili hivi hivi. Kuna kitu inaitwa assumed mean, unakisia wastani kwanza halafu unarekebisha kosa lako polepole. Hiyo watoto hupenda sana.

Si ngumu. Inaboesha tu. Kitabu imejaa urefu wa miche na uzito wa mayai. Sasa nani Uthiru anajali uzito wa mayai? Kufika lesson ya pili nusu ya darasa iko na macho ya samaki.

Ndio maana mimi niko na mtindo wangu. Data natoa kwa wanafunzi wenyewe. Kila mtu anapewa kakaratasi, anaandika namba, haandiki jina, anakunja, anatupa kwa box ya chalk. Mwaka fulani niliuliza size ya kiatu. Mwaka mwingine nikauliza mko wangapi kwenu. Watoto wanapenda hiyo kitu vibaya sana, kwa sababu wanajiona ubaoni.

Mwaka huu nikauliza: kutoka mlango wa kwenu mpaka gate ya shule, unatumia dakika ngapi?

Kwangu hiyo ilikuwa swali ya kawaida kabisa. Wengi wanatoka hapo hapo Uthiru, wengine Kangemi, Kinoo, wachache Riruta. Wanafunzi arobaini. Nikakusanya box yangu, nikaenda staffroom na kikombe cha chai, nikaanza kupanga.

Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Tano, huyo namjua, anaishi nyuma ya shule na bado huchelewa. Hamsini na tano, mmoja.

Halafu nikafungua moja imekunjwa mara nne, ndogo kama kidonge. 150.

Nilicheka, wakuu. Sitawadanganya. Nilimwonyesha madam wa Kiswahili, naye akacheka.

Dakika mia moja hamsini ni masaa mawili na nusu. Hapo ushatoka Nairobi unakaribia Nakuru. Nikajua tu ni Brayo. Kila darasa iko na Brayo wake, yule kijana hawezi kupita karibu na maneno bila kuyachezea. Akiwa Form Two, kwa size ya kiatu aliandika 72.

Na kuna kitu kingine, wacha niseme tu kwa sababu niliahidi ukweli. Wiki hiyo HOD wa hesabu, mkuu wa idara yetu, alikuwa amesema atakuja kukaa nyuma ya darasa aone nikifundisha. Contract yangu ilikuwa inaisha December. Nilitaka histogram safi, imepanda katikati imeshuka pembeni, kama ya kitabu. Hiyo 150 ingekaa huko mbali peke yake, na ubao wetu hata haifiki huko.

Lesson ilikuwa Alhamisi.

Nikaandika namba zote ubaoni. Nilipofika kwa 150 nikageuka, nikashika kiuno. "Nani huyu hutembea kutoka Naivasha?"

Darasa ikaanguka. Brayo akapaza sauti, "Mwalimu, huyo hubebwa na kobe!" Hata HOD huko nyuma niliona mabega yake yakicheza.

"Brayo, si ni wewe?"

"Haki ya Mungu, mwalimu, mimi ni kumi na mbili."

"Wacha uongo."

Nikangoja kidogo. Hakuna mtu aliinua mkono.

Basi nikaeleza. Nikawaambia hii kwa statistics tunaita outlier, namba imejitenga na wenzake. Mara nyingi ni makosa, ama kuna mtu anacheza na wewe. Kwanza nikawafanyia hesabu nayo ikiwa ndani: jumla 969, gawanya kwa 40, mean 24.2. Halafu nikachukua duster nikaifuta, tukafanya bila hiyo: 819, gawanya kwa 39, mean 21 kamili. Ikatoka bila hata decimal. Nilifurahi sana na hiyo 21.

Kisha nikasema kitu ambacho kama ningeweza kukirudisha kooni ningekirudisha leo. Nilisema, "Mnaona vile mtu mmoja anaharibia wengine thelathini na tisa?"

Wakacheka, wakaandika. HOD akanipigia kidole gumba. Nikawapa homework: chora histogram ya hii data, leta Jumatatu.

Sasa niwaambie kuhusu Mwende.

Mwende alikuwa anakaa row ya pili, upande wa dirisha. Msichana mrefu, Mkamba, mpole mpaka unasahau yuko. Form Three alikuwa anapata B yake bila kelele. Mwaka huu akaanza kuteremka, na akaanza kusinzia. Mara mbili nilimkuta ameweka paji la uso kwa desk.

"Mwende, punguza series," nilimwambia.

"Pole, mwalimu."

Nafikiri hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu zaidi mwaka mzima. Na mimi ndio nilikuwa class teacher wake, si mtu mwingine.

Tena alikuwa anachelewa. Gate yetu hufungwa saa moja kamili asubuhi. Ukichelewa unaandikwa kwa kitabu cha mwalimu wa zamu, unaokota takataka mpaka saa mbili. Ukiandikwa mara tatu kwa wiki mbili, unarudishwa nyumbani uje na mzazi. Iko hivyo, haina huyu ni nani. Jina la Mwende lilikuwa kwa hicho kitabu karibu kila wiki, na hakuna mwalimu aliwahi kumuuliza kwa nini. Kitabu haina column ya kwa nini. Iko na jina, class na saa.

Jumatatu nikamark homework. Vitabu arobaini, na mimi nimekunywa chai tu tangu asubuhi. Nikafika kwa cha Mwende.

Alikuwa ameiweka 150 ndani.

Table yake ilikuwa na watu 40. Mean yake 24.2. Na histogram yake, wakuu, haikutosha page. Kwa hivyo alikata kipande cha graph paper ingine, akakigundisha pembeni na gundi ya unga ya ngano, ile tulikuwa tunatengeneza tukiwa watoto. Ukifungua kitabu, karatasi inatoka nje kama ulimi. Bars zingine zote zimerundikana huku mwanzo. Halafu nafasi tupu, nafasi tupu, nafasi tupu. Na huko mwisho kabisa, bar moja fupi, ya mtu mmoja, imepakwa rangi na penseli vizuri, haijatoka nje ya mstari.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Angejiuliza ni nani hujisumbua kupika gundi kwa sababu ya utani.

Mimi niliona mtoto hasikii. Nikapiga X nyekundu kutoka kona mpaka kona. Nikaandika: "Nilisema toa 150. Fuata maagizo. 4/10."

Nikaweka kwa pile, nikachukua kitabu kingine.

Jumanne ilikuwa zamu yangu ya gate.

Saa moja na dakika nane, Mwende akaja, sweater imelowa mvua ya jana ama jasho, sijui. Anapumua na mdomo. Nikaangalia kitabu cha zamu. Ilikuwa mara ya tatu.

"Mwende, tena?"

"Pole, mwalimu."

"Rudi nyumbani. Kesho uje na mzazi."

"Mwalimu, mama hawezi kutoka kazi."

"Basi kesho uwe hapa kabla ya wenzako wote, nikuone kwa macho yangu. La sivyo usikuje."

Nilijiona hata nimemhurumia, maanake nilikuwa nimemuondolea mambo ya mzazi. Nikamwambia siku hiyo lakini haingii, sheria ni sheria.

Aliangalia ile barabara kidogo, akarekebisha mkoba begani, akageuka akaenda. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kugombeza anayemfuata.

Jumatano, karibu saa tatu asubuhi, madam principal akaniita ofisini. Alikuwa amesimama, simu bado iko mkononi.

"Wewe ndio class teacher wa Mwende?"

"Ndio, madam."

"Funga mlango."

Kuna mtu alikuwa amepiga simu kutoka hospitali. Walisoma badge ya shule kwa sweater, na jina lake kwa kitabu ndani ya mkoba. Mtoto aligongwa Waiyaki Way, pande za Kangemi, kabla hakujapambazuka, akivuka. Gari haikusimama. Wamama wanaoshukisha mboga sokoni ndio walimfunga leso na kumtafutia gari. Alifika hospitali kama ameshakata roho.

Nikauliza swali ya upuzi. Niliuliza, "Alikuwa anafanya nini Kangemi saa hizo?" Kwa sababu kwa kichwa yangu Mwende ni wa Riruta. File inasema Riruta. Kutoka Riruta hupiti hapo.

Principal akaniambia, "Hiyo ndio nataka wewe ujue." Namba ya mzazi kwa file ilikuwa haipatikani. Nikatumwa nyumbani.

Nikachukua boda mpaka Riruta, nikatafuta plot, nikapata. Mlango waliokuwa wanaishi uko na pazia ya mtu mwingine. Jirani, mama anafua nje, akanyanyua kichwa.

"Mama Mwende? Hao walihama mwezi wa tatu. Mzee alipoaga, mama akapata kazi ya nyumba huko Ngara, akapewa na chumba hapo nyuma. Kwani mtoto hakuwaambia?"

Nikamwambia hakutuambia.

Akanikazia macho, mikono iko na povu. "Ama hamkumuuliza?"

Ngara.

Wale mnajua Nairobi, fanyeni hiyo hesabu na mimi. Ngara, ushuke Museum Hill, upite Westlands yote, uende na Waiyaki Way, Kangemi, mpaka Uthiru. Na miguu. Nilikuwa nimesimama kwa hiyo plot, helmet ya boda bado iko kichwani, na namba ikanijia. Sikuitafuta. Ilikuja tu yenyewe, kwa mwandiko wake, imekunjwa mara nne.

Nilikaa chini kwa ndoo ya huyo mama. Akafikiri nimepandwa na presha.

Aliponipa maji nikapata nguvu, akanielekeza kwenye hizo flats za Ngara, nyuma ya maduka ya jumla. Mama Mwende nilimkuta anaanika mashuka. Tulikuwa tumeonana mara moja tu, siku ya wazazi, lakini alinijua kutoka mbali. Akashika shuka kwa kifua.

Kabla nifungue mdomo akaniuliza, "Mwalimu. Leo pia amechelewa?"

Wakuu, nimefundisha miaka tisa. Nimeulizwa maswali na inspekta, na wazazi walevi, na watoto wajeuri. Hiyo sikuwa nimewahi kuulizwa.

Mwenye nyumba, mama mmoja Mhindi mzee wanamwita Mama Nisha, alikuwa ametoka kwa mlango wa jikoni. Nafikiri yeye aliona uso wangu akaelewa. Akamshika Mama Mwende mkono. "Syokau, kaa chini kwanza. Kaa."

Nikasema. Vile alilia sitaandika humu.

Mama Nisha aliita gari yake, tukaenda hospitali sisi watatu. Njiani Mama Mwende akaanza kuongea, vile watu huongea wakati mwili haujaamini bado. Alieleza vile walijaribu kumhamisha shule, wakaambiwa ameshasajiliwa kwa mtihani hapo, hakuna kuhama. Vile fare ilikuwa ikipatikana siku zingine, siku zingine pesa zinatumwa Kitui kwa wadogo wake wawili. Vile Mwende mwenyewe ndio alisema atatembea, ni miezi tu, afanye paper amalize. Alikuwa anatoka saa kumi na nusu.

"Jana alirudi mapema," akasema. "Akaniambia mwalimu amesema awe wa kwanza. Kwa hivyo leo ametoka saa tisa na nusu. Nilimwambia ngoja kupambazuke, akasema mama, nikingoja nitakuwa nimechelewa tena."

Huyo mwalimu alikuwa ameketi hapo kando yake. Sijui kama alijua ni mimi. Sikumwambia.

Halafu akasema hii. Nitaiandika vile alisema.

"Kuna siku alikuja amefurahi. Akasema, mama, leo mwalimu wa hesabu ametuuliza kila mtu anatoka mbali aje. Nimemwandikia ukweli. Labda sasa watajua, wataniachia gate."

Tukapita roundabout.

"Hiyo karatasi mliisoma, mwalimu?"

Nikasema, "Tuliisoma, mama."

Mazishi yalikuwa Kitui. Shule ilitoa bus, wanafunzi wakaimba. Watoto wa Form Four walikuwa wameshajua kila kitu, watoto huwa hawafichwi. Wakati wa kula, Brayo alikuja akasimama mbele yangu. Akasema, "Mwalimu, nilikwambia sikuwa mimi." Akaondoka. Mpaka leo darasani hanitazami, na mzaha aliacha.

Jumapili iliyofuata nilienda Ngara kwa hizo flats. Nilisimama nje ya gate, nikawasha timer ya simu, nikatembea. Mchana kweupe, sina begi, nimevaa raba. Mimi ni mtu mzima, na si mvivu wa miguu. Kuvuka pale Westlands peke yake unangoja mpaka unachoka.

Nilifika gate ya shule miguu inawaka. Simu ikasema 163.

Labda alikuwa anatembea haraka kuliko mimi. Labda alikuwa akikimbia hapa na pale. Lakini nafikiri alipunguza. Nafikiri alijua 163 hatungeiamini, akaishusha mpaka mahali aliona panaweza kuaminika.

Kwa staff meeting niliinua mkono. Nikasema tuangalie hii maneno ya gate, angalau tuweke column ya sababu, angalau class teacher aulize. Madam principal si mtu mbaya, naye alilia Kitui. Lakini akasema, "Mwalimu, pole, ila tukifungua gate kwa sababu ya mtu mmoja, hao wengine wote tutawaambia nini?"

Walimu wakatikisa kichwa kukubali. Hiyo hoja niliifundisha mimi mwenyewe, na duster mkononi.

Gate bado inafungwa saa moja.

Kwangu nimebadilisha vitu vidogo. Register yangu iko na column nimejichorea na ruler. Mtoto akisinzia naenda kando ya desk naongea polepole. Kuna mmoja nimegundua anaamka saa tisa kuuza mandazi kabla ya shule. Mwingine ni usingizi tu wa kawaida, series kweli. Lakini naulizanga. Na kama ni lazima nifute namba ubaoni, siifuti kabla sijajua ni ya nani.

Hiyo ndio funzo yangu, na ni ghali mno kwa funzo ndogo hivyo. Sikumuua Mwende, watu wengi wamenifariji hivyo, na dereva yuko mahali na yake. Lakini mimi ndio nilimuuliza anatoka wapi, akaniambia, nikamcheka mbele ya darasa.

Kwa yule mzazi: mwambie binti yako atarajie ogive, na penseli ya HB iliyochongwa. Na akiulizwa namba yake, na iwe tofauti na za wenzake, ainue mkono aseme ni yangu. Akishindwa, uende wewe. Usingoje mwalimu aelewe.

Sasa nikuje kwa kitu imenifanya niandike leo.

Kitabu cha Mwende cha hesabu niko nacho. Siku ile kilikuwa bado kwa pile yangu staffroom, sikuwa nimerudisha. Vile vingine vyote shule ilimpelekea mama yake. Hiki nilikiweka kwa drawer. Nimejaribu kila kitu. Nilinunua ile correction fluid, ikakaa kama ukungu juu ya graph yake, nikaikwangua nikaharibu zaidi. Chini ya X nimeandika, "Sahihi. 10/10. Kosa ni la mwalimu." Lakini X ni kubwa, inaonekana kwanza. Na kale ka ulimi ka karatasi bado kameshika, gundi yake ni nzuri kuliko ya duka.

Jana Mama Mwende alinipigia. Alisema amepanga vitabu vya mtoto kwa kabati, amevihesabu, cha hesabu hakiko. Akasema kwa upole, vile mtoto wake alikuwa akiongea, "Labda kilibaki kwako, mwalimu? Hicho ndio alikuwa anapenda."

Nikamwambia kiko, nitakuletea Jumamosi.

Akikifungua ataona. Amesoma mpaka darasa la saba, X anaijua. Ataona 150 iliandikwa, ataona mwalimu aliisoma, na ataona alivyoijibu. Na ataniuliza.

Wakuu, nyinyi mlio na watoto, nyinyi mmezika, niambieni. Nikipeleke vile kilivyo? Nichane hiyo page? Ama nikae naye chini nimwambie mwenyewe kabla akifungue?

Matusi pia andikeni, nitayasoma yote. Jumamosi ni keshokutwa.